Kulungu wa Wisconsin na kalenda zake mbili

Ukiishi Wisconsin, jimbo la kaskazini mwa Marekani, usipange harusi wala kipaimara Jumamosi inayotangulia Thanksgiving, sikukuu yao ya kushukuru. Hutapata watu. Zaidi ya watu laki tano wanakuwa wamekata leseni ya kuwinda kulungu kwa bunduki, na asubuhi hiyo, jua halijachomoza, wengi wao wako porini wamevaa majaketi ya rangi ya chungwa inayochoma macho, au ya pinki, kwa sababu tangu 2016 pinki kali nayo inakubalika kisheria. Kazini kwetu zamu ya wikiendi hiyo hujazwa na wahamiaji, na kwa miaka kadhaa nilikuwa mmojawapo.

Sisi tuliokulia Tanzania tuna woga wetu. Mnyama wa porini kwetu ana jina la mahakamani: nyara za serikali. Ukikutwa na mnofu wa swala jikoni bila karatasi, hakimu hakuulizi ulikuwa na njaa kiasi gani. Wakenya ndio usiseme, kwao uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Kwa hiyo mtu wetu akimwona kulungu kasimama kando ya barabara anatafuna maua ya jirani, anapita akitazama pembeni. Jamaa mmoja wa Uvira, Kongo, ninayefanya naye kazi aliwahi kuniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Ndugu, hii nyama iko inatembea hivi barabarani, ni ya nani?"

Ni ya umma, chini ya uangalizi wa jimbo. Tofauti ni kwamba huku jimbo humruhusu mkazi wa kawaida, si tajiri mwenye kitalu cha kuwindia, kukata leseni ya kulungu kwa pesa isiyofika dola 50. Ukiwa umezaliwa tarehe 1 Januari 1973 au baadaye, lazima upite kozi ya usalama wa uwindaji kwanza. Mwenye kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu, sheria ya shirikisho haimkatazi kumiliki bunduki. Aliyeingia kwa viza ya muda ana masharti yake, na ningemshauri asiguse hata risasi kabla hajazungumza na mwanasheria. Hayo ni mambo ya makaratasi na yanamalizika. Lisilomalizika ni swali ambalo wenzangu huniuliza kila Agosti: "Kaka, kulungu wako wapi mwaka huu?"

Mimi huwajibu kwa swali: wiki gani? Kulungu mkia mweupe wa katikati ya Septemba na yule wa mwisho wa Novemba wanaweza kuwa mnyama mmoja, lakini hawaishi sehemu moja, hawali kitu kimoja wala hawaogopi kitu kimoja. Ukichagua msitu kwanza halafu ukatafuta siku ya kwenda, umeanza na mkia. Chagua wiki, halafu wiki yenyewe itakuonyesha pa kukaa.

Kalenda ni mbili. Ya kwanza ni ya Idara ya Maliasili, DNR. Upinde huanza katikati ya Septemba na kuendelea mpaka mwanzoni mwa Januari. Msimu wa bunduki ni siku 9, kuanzia Jumamosi ile niliyoitaja hadi Jumapili baada ya Thanksgiving. Mara tu baada ya hapo kuna siku 10 za gobore, maana hata huku wana bunduki za kushindilia baruti mdomoni, ila za kwao zinang'aa na nyingine zina darubini juu. Desemba kuna siku 4 za majike tu. Saa za kufyatua zimechapwa kwenye jedwali, huanza nusu saa kabla jua halijachomoza, na askari wa wanyamapori wanazijua dakika kwa dakika.

Kalenda ya pili ni ya kulungu mwenyewe, na huendeshwa na mwanga. Mchana unapofupika, homoni za dume hupanda, shingo inavimba, akili inapungua. Jike hubeba mimba kwa siku 200 hivi. Hesabu mwenyewe: ili ndama azaliwe mwishoni mwa Mei au Juni, theluji ikiwa imeisha na majani bado mateke, jike lazima apandwe Novemba. Anayezaliwa mapema anakufa kwa baridi, anayechelewa anaingia kwenye majira ya baridi akiwa mdogo mno. Ndiyo maana tarehe hazihami mwaka hadi mwaka, hata kama baa zote za vijijini zimejaa wazee wanaobishana kuhusu mwezi mchanga na mwezi mpevu. Kinachobadilika ni hali ya hewa, na hiyo huamua kama watatembea mchana au usiku. Kulungu wa Novemba tayari ana manyoya mazito. Joto likipanda kufika nyuzi 15, madume hujilaza kivulini hadi giza liingie.

Sasa angalia kalenda hizi mbili zinavyopishana. Thanksgiving ni Alhamisi ya nne ya Novemba, kwa hiyo ufunguzi wa bunduki unaweza kuangukia popote kati ya tarehe 17 na tarehe 23. Mwaka 2024 ulikuwa tarehe 23. Mwaka 2026 utakuwa tarehe 21, mwaka 2028 tarehe 18, na 2029 tarehe 17. Siku sita zinaonekana si kitu, lakini huku kilele cha kupandana kiko karibu na katikati ya mwezi. Ukifunguliwa tarehe 17 bado unakuta madume yanazurura saa tano asubuhi yakinusa ardhi. Ukifunguliwa tarehe 23 wengi wamechoka, wamekonda, na wameanza kukumbuka kula. Huo ni uwindaji wa aina mbili, na mwenye kutumia mpango wa mwaka jana bila kutazama tarehe atakaa mahali pazuri kwa wiki isiyo yake.

Nianze na Septemba, ingawa mbu bado wapo. Huu ni wakati wa upinde na wa tumbo. Kulungu hulala mahali pamoja na kula mahali pengine, na njia kati ya sehemu hizo mbili inatabirika kuliko wakati wowote wa mwaka. Soya likiwa bado la kijani wanashuka shambani jioni jua likiwa bado lipo. Majani ya soya yakianza kugeuka manjano wanaliacha ghafla, na mgeni hudhani wamehama kaunti. Hawajahama, wamepanda vilimani kwenye mialoni. Hapa inafaa kujua mti. Mwaloni mweupe una majani yenye ncha za mviringo, na mbegu zake hukomaa na kudondoka mwaka uleule. Mwaloni mwekundu una majani yenye ncha kali, na mbegu zake huchukua miaka miwili. Pasua zote mbili kwa meno uonje: ya mwekundu ina ukakasi unaokausha ulimi papo hapo, ya mweupe inavumilika. Kulungu naye anajua hivyo. Mwaloni mweupe mmoja unaodondosha mbegu katikati ya msitu unaweza kulishinda shamba zima la mkulima, na chini yake utakuta maganda yaliyovunjwa na kinyesi kibichi cheusi, kinang'aa.

Katikati ya Oktoba watu hulalamika kwamba kulungu wametoweka. Mahindi bado yamesimama, na shamba la mahindi ni nyumba na chakula kwa pamoja. Mimi wiki hizo hufanya kazi za ziada nikusanye siku za likizo.

Wiki ya mwisho ya Oktoba hali inabadilika. Dume huchagua tawi linaloning'inia usawa wa uso wake, mara nyingi kwenye ukingo wa msitu au makutano ya njia mbili, halafu anaparura ardhi chini yake kwa kwato mpaka udongo mtupu unabaki, mviringo wenye ukubwa wa ungo. Majani yote yamesukumwa upande mmoja. Inama uangalie: utaona alama za kwato zimekwangua hadi mizizi midogo imekatika, na alama moja kubwa imekanyagwa katikati kama mhuri wa mwenye mali. Udongo unanuka mkojo, harufu kali inayokaa puani. Inua macho sasa. Ncha ya tawi imetafunwa, imevunjika, nyuzi za gome zinaning'inia, kwa sababu analilamba na kulisugua kwa tezi za usoni ili wenzake wajue nani kapita. Wengi hutazama chini tu. Tawi ndilo gazeti, na madume na majike hulisoma hata miezi ambayo ardhi haijaparurwa.

Usiku ndio wanazuru sehemu hizo zaidi. Kwa hiyo sikai juu yake. Narudi nyuma kuelekea kichaka wanakolala, mpaka nifike mahali ambapo dume angepita kukiwa bado na mwanga.

Kisha inakuja Novemba yenyewe, na ukiniuliza mimi, mwenye upinde na uwezo wa kuvumilia baridi achukue likizo kati ya tarehe 1 na 12. Wakati huo achana na chakula. Dume hali, anatafuta. Anatembea kutoka kundi moja la majike hadi jingine, na kama binadamu yeyote mwenye haraka, hupenda njia ya mkato yenye maficho. Tafuta penye kubana: kiuno cha msitu kati ya mashamba mawili, tandiko la chini kati ya vilele viwili, kivuko cha kijito ambako kingo hazina mwinuko mkali. Jike huwa kwenye joto kwa muda wa siku moja hivi, na dume hamwachi. Ndiyo maana kuna siku mbili tatu karibu na kilele ambapo msitu unaonekana mtupu kabisa: kila dume yuko kichakani na jike wake. Jike asiyeshika mimba hurudia baada ya siku 28 hivi, na hiyo ndiyo sababu Desemba huwa na msisimko mdogo wa pili.

Ufunguzi wa bunduki ni habari nyingine kabisa. Hapa kitu kinachowaendesha kulungu ni watu, na ramani unayohitaji ni ya watu. Mimi huchukua picha ya setilaiti ya ardhi ya umma na kuweka alama kwenye kila maegesho ya magari. Wawindaji wengi hawaendi mbali na gari. Saa kumi na moja alfajiri wanaingia, saa tatu miguu imeganda, saa nne wanatoka kwenda kunywa kahawa, na kila anapoinuka mmoja, kulungu wanahama. Wanahamia wapi? Kwenye matete ya bwawani ambako utalowa hadi magotini, kwenye korongo lenye mwinuko usiotamanika, kwenye vichaka vya miiba, na wakati mwingine kwenye kipande kidogo cha msitu nyuma kabisa ya maegesho yenyewe, ambacho kila mtu amekipita gizani. Nenda huko mapema kuliko wote na ubaki wakati wengine wanatoka. Kati ya saa tatu na saa tano asubuhi wanakuletea kulungu bila kujua.

Mazingira nayo yana mikoa yake. Kaskazini kuna msitu wa taifa wa Chequamegon-Nicolet, zaidi ya ekari milioni moja na nusu, pamoja na misitu ya kaunti yenye ekari zaidi ya milioni mbili ukijumlisha yote. Ardhi ipo tele na huombi ruhusa kwa mtu. Lakini kulungu ni wachache, mbwa mwitu wapo, na baridi kali huwaua wengi. Huko tafuta palipokatwa miti miaka michache iliyopita, ambako miaspeni inachipua kwa wingi, kwa sababu kulungu hula machipukizi, na msitu mkongwe wenye kivuli hauna chakula usawa wa mdomo wake. Theluji ikiwa nene hujikusanya kwenye mabwawa ya miseda.

Mimi nafsi yangu iko kusini magharibi, kwenye nchi inayoitwa Driftless. Barafu kuu za kale zilizosawazisha sehemu kubwa ya jimbo hazikupita hapo, hivyo vilima vilibaki: migongo mirefu, mabonde membamba, mashamba juu na chini, misitu kwenye miteremko, Mto Kickapoo ukijizungusha katikati. Kila mahali ni ukingo wa kitu fulani, na kulungu ni mnyama wa kingo. Tatizo ni kwamba ardhi nyingi ni ya watu. Kuna ukanda wa umma kando ya sehemu ya chini ya Mto Wisconsin, na kuna mashamba ya miti ambayo wamiliki wake hupunguziwa kodi kwa sharti la kuruhusu umma kuingia kwa miguu kuwinda. Haya ya pili watu wetu hawayajui. Yameonyeshwa kwenye ramani za DNR, wala hubishi hodi.

Kubisha hodi nako nimefanya. Sitajifanya kwamba mwanaume mweusi kwenye ua wa shamba la mtu asiyemjua ni jambo jepesi. Naenda mchana, Julai, si Novemba, bila nguo za kijani za kuwindia, na mara nyingi na mwanangu. Naegesha gari paonekane. Wengine wamekataa kwa adabu, wengine bila adabu. Mzee mmoja wa ng'ombe wa maziwa alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama nitapiga majike. Nikamwambia ndiyo. Akanionyesha geti.

Swali lake lilikuwa na historia. Mwaka 1943, wakati kulungu wamezidi msituni na wanakufa njaa, Aldo Leopold, profesa wa chuo kikuu cha Wisconsin aliyekuwa pia kwenye tume ya uhifadhi ya jimbo, aliunga mkono kuruhusu majike yapigwe. Jimbo zima lilimjia juu, na ubishi huo haujaisha. Mpaka leo kuna wawindaji wanaoona aibu kumpiga jike, huku mkulima akitazama soya lake likiisha. Idadi huamuliwa na majike. Mimi nataka nyama, pembe hazipikiki. Ila soma kibali chako vizuri, maana kibali cha jike mara nyingi kimeandikwa kaunti, na kama ni cha ardhi ya umma au ya mtu binafsi.

Upepo ndio unaoharibu mipango mizuri kuliko vyote. Kulungu haoni vizuri rangi ya chungwa, kwake inakaribia kufanana na majani, lakini pua yake haikosei. Programu ya simu itakuambia upepo unatoka magharibi, na bondeni hiyo ni nusu ya habari. Asubuhi jua likipasha mteremko hewa hupanda, jioni ikipoa hushuka na kukusanyika chini. Wenyeji huchuma maganda ya mmea wa milkweed mwezi Septemba na kuyaweka mfukoni. Ukiwa juu ya dungu unachomoa sufi yake moja moja na kuiachia. Nimeiona sufi ikielekea mashariki kwa hatua ishirini, ikasimama, ikazama taratibu korongoni, kisha ikarudi chini ya miguu yangu mwenyewe. Bila kuiona hiyo ningekaa hapo msimu mzima nikiilaumu bahati. Sasa mahali pale ni pa asubuhi tu. Na kuhusu dungu: funga mkanda wa usalama tangu mguu wa kwanza unapoacha ardhi. Kuanguka mtini huwajeruhi wawindaji wa huku kila mwaka.

Desemba kalenda inarudi kwenye tumbo. Baridi ikishuka chini ya sifuri kabisa, kulungu hulala kwenye miteremko inayotazama kusini, inayopata jua, na jioni hutoka kwenda kwenye mahindi au soya lililobaki. Wanakuja kwa makundi na wanakuja mapema, kwa sababu njaa haingoji giza. Wachache wanabaki kuwinda. Kama una gobore kavu na soksi nzuri, hizi ni jioni bora kwa mtu anayetafuta jike wa friza.

Waislamu wenzangu huuliza kuhusu kuchinja. Sheikh wetu wa hapa alinieleza hukumu ya windo: nataja jina la Mwenyezi Mungu ninapofyatua, na nikimkuta bado hai namchinja. Kwa hiyo bismillah huitamka kwa midomo tu, kidole kikiwa bado nje ya kifyatulio, na kisu kikali kiko mfuko wa kulia, mahali pa kufikika kwa mkono wenye glovu.

Kisha kuna ugonjwa. Unaitwa CWD (chronic wasting disease), ugonjwa wa kulungu kudhoofika hadi kufa, unasababishwa na protini iliyoharibika, si kirusi wala bakteria, na moto wa jikoni hauuui. Wisconsin uligunduliwa mwaka 2002 karibu na Mount Horeb, na kusini magharibi ya jimbo, huko ninakokusifia, ndiko umesambaa zaidi. Hakuna mtu aliyethibitishwa kuupata kwa kula kulungu, lakini ushauri wa wataalamu wa afya ni kumpima mnyama wa maeneo hayo na kutomla akikutwa nao. Kupima ni bure. Unasajili windo kwa simu au mtandaoni kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku inayofuata, unapeleka kichwa kwenye kibanda cha DNR, unajaza fomu, unakiacha kwenye mfuko.

Majibu huchukua wiki mbili hivi, kwa hiyo mpango wa uwindaji ni pamoja na nafasi kwenye friza. Jike mzima hutoa karibu kilo 20 za mnofu. Kwenye kila mfuko naandika tarehe na namba ya usajili, na mnyama mmoja hachanganywi na mwingine. Wakati wa kukata, mafuta yote nayatoa, hata utepe mwembamba kati ya misuli, kwa sababu mafuta ya kulungu huganda haraka na kugandamana kwenye kaakaa. Kinachobaki ni nyama nyekundu kavu. Ya paja nailaza usiku kucha na papai bichi na tangawizi kwa ajili ya mishkaki. Ya shingo inataka sufuria zito, nazi, na saa tatu za moto mdogo.